Kinyama cha Ubongoni Kipimwe Upya

Kwa: Wizara ya Afya, Dodoma, menejimenti za Taasisi ya Saratani Ocean Road, Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) na Hospitali ya Taifa Muhimbili, na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF).

YAH: KUPIMA UPYA VIPOKEZI VYA HOMONI KWA WAGONJWA WA SARATANI YA TITI ILIYOFIKA UBONGONI

Waheshimiwa,

Saratani ya titi ikimpata mwanamke wa Ilala, safari yake yote ya tiba inaweza kuanza na kuishia ndani ya wilaya yake. Hospitali ya Mnazi Mmoja au ya Amana ndiko anakoanzia. Muhimbili, pale Upanga, ndiko kinyama kinakosomwa. Ocean Road, ufukweni, katika jengo lililofunguliwa na Wajerumani mwaka 1897 na kufanywa taasisi kamili kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996, ndiko anakopangiwa mionzi, dripu na vidonge. Ugonjwa ukipanda kichwani, fuvu linafunguliwa MOI, eneo lilelile la Muhimbili. Kutoka Kariakoo hadi huko kote ni bajaji moja, dakika chache kama hakuna foleni, na Kariakoo foleni haikosekani. Wagonjwa wa Lindi, Tabora na Kigoma wanaolala kwa ndugu zao Buguruni na Vingunguti wakisubiri zamu ya mionzi wangeutamani ukaribu huo.

Barua hii inahusu karatasi moja inayozunguka kati ya majengo hayo. Ni ripoti ya kinyama cha titi, na chini yake huwa na mistari mitatu: ER, yaani kipokezi cha estrojeni, PR, kipokezi cha projesteroni, na HER2, ambacho si cha homoni lakini hupimwa pamoja na hivyo viwili kwa sababu nacho huamua dawa. Kila mstari una jibu lake, chanya au hasi. Majibu hayo matatu yakishaingia kwenye faili hayatoki. Mgonjwa akiandikwa ER hasi leo, hasi hiyo itamsindikiza kliniki hadi kliniki kwa miaka, hata pale saratani itakapokuwa imehama titini na kujenga kwingine.

Chukua mfano wa kutungwa, ambao muuguzi yeyote wa wodi ya saratani ataufahamu. Mwanamke anauza vitenge na kanga Mtaa wa Congo. Titi lake la kushoto liliondolewa, majibu yote matatu yakaja hasi, akapata dripu, nywele zikadondoka zikaota tena, akarudi dukani. Baada ya miaka miwili anaanza kuamka na kichwa kinachouma, na anatapika kabla ya kunywa chai. Anapimwa presha. Anapewa dawa ya malaria. Siku moja wateja wanamwona akihesabu chenji ileile mara tatu, kisha mkono wa kulia unashindwa kukunja doti aliyoikunja maisha yake yote. Majirani wa duka wanasema ni kiharusi. Wengine wanasema mambo yale ambayo Kariakoo husemwa kwa sauti ya chini mtu akichanua kibiashara halafu akaanguka ghafla. Picha ya CT inaonyesha uvimbe mmoja upande wa kushoto wa ubongo. Anapasuliwa, uvimbe unatoka, mkono unaanza kurudi. Maabara inaandika: saratani, chanzo titi. Ripoti inaishia hapo. Ocean Road faili linafunguliwa kwenye ukurasa ule wa zamani wenye hasi tatu, na kwa ukurasa huo anapangiwa mionzi na dripu, huku vidonge vya homoni vikiwa havitajwi hata kwa kukataliwa.

Swali ni fupi. Kinyama kilichotoka kichwani mwake kinasemaje kuhusu homoni?

Kwamba saratani ya titi inasikiliza homoni ni jambo lililojulikana kabla ya mtu yeyote kujua sababu yake. Mwaka 1896 daktari wa Scotland, George Beatson, aliripoti katika jarida la Lancet kwamba kuondoa ovari kulifanya uvimbe wa titi usinyae kwa mgonjwa wake. Waliojaribu baada yake waliona inafanya kazi kwa baadhi ya wanawake tu, wala hawakujua kwa nini. Ilipita zaidi ya miaka 60 ndipo Elwood Jensen wa Chuo Kikuu cha Chicago alipoonyesha kwamba ndani ya seli kuna protini inayoikamata estrojeni. Seli yenye protini hiyo hupata amri ya kugawanyika kila inaponasa homoni, na isiyokuwa nayo haijali. Hapo ndipo tamoksifeni ilipopata maana. Ni kidonge kinachokaa mahali pa estrojeni na kuizuia isitoe amri. Marekani iliidhinisha mwaka 1977, na hadi leo ni miongoni mwa dawa za saratani za bei ya chini kuliko zote. Kwa HER2 dawa ilikuja baadaye: trastuzumabu iliidhinishwa Marekani mwaka 1998, ikaingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2015, na mwaka 2019 shirika hilo likapitisha kwa mara ya kwanza dawa mfanano yake iliyo nafuu zaidi.

Kwa hiyo mistari ile mitatu ndiyo inayoamua mwanamke atameza nini, kwa miaka mingapi, na familia itauza nini ili kumlipia.

Na mistari hiyo hubadilika. Mwaka 2018 jarida la Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani lilichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi zilizolinganisha kinyama cha titi na kinyama cha mahali saratani ilikohamia kwa mgonjwa yuleyule. ER ilikuwa imebadilika kwa karibu mgonjwa 1 kati ya 5, PR kwa karibu 3 kati ya 10, HER2 kwa 1 kati ya 10. Walipotenganisha vinyama vya ubongo na mfumo mkuu wa fahamu, ER ilibadilika kwa karibu asilimia 21 na PR kwa asilimia 23. Jambo la kushangaza zaidi ni upande badiliko linakoelekea. Wengi hudhani saratani ikisambaa huzidi kuasi, yaani chanya hugeuka hasi na basi. Hesabu ilionyesha vingine: kati ya waliokuwa ER chanya, kiasi cha asilimia 22 waligeuka hasi, na kati ya waliokuwa hasi, karibu asilimia ileile waligeuka chanya. Faili la zamani linakuwa kama duka la Kariakoo ambalo kibao cha nje bado kinasema vitenge, kumbe ndani wanauza makava ya simu.

Sababu ziko kadhaa na zinaingiliana. Uvimbe wa titi hauna seli za aina moja tangu siku ya kwanza. Sindano ya kinyama huchota sehemu ndogo tu, na sehemu nyingine inaweza kuwa tofauti. Tiba nayo huchuja: vidonge vya homoni huua seli zinazotegemea estrojeni na kuziacha zisizoitegemea, ndizo zinazosafiri. Ubongo una mazingira yake, umejitenga na damu kwa kizuizi ambacho dawa nyingi hazipenyi, na una viamsha ukuaji vyake vinavyozipa nafasi seli zenye HER2. Si ajabu kwamba saratani za HER2 chanya na zile zenye hasi tatu ndizo zinazopanda kichwani zaidi: huwapata theluthi au zaidi ya wanawake ambao saratani zao za aina hizo zimeshasambaa.

Lakini kuna sababu nyingine ambayo haina uhusiano na saratani yenyewe, na kwa Dar es Salaam hii ndiyo nzito kuliko zote. Ni kopo la formalini.

Kinyama kikitoka mwilini kinaanza kuharibika papo hapo. Ili vipokezi visomeke, kanuni za kimataifa zinataka kiingie kwenye formalini ya asilimia 10 ndani ya saa moja, kilowe si chini ya saa 6 wala si zaidi ya saa 72. Formalini hupenya polepole, kama milimita moja kwa saa. Titi zima likitumbukizwa kwenye ndoo bila kukatwa vipande, nje huiva na katikati hubaki bichi, na katika joto la Februari la Dar es Salaam katikati hapo panaoza kimyakimya huku kila mtu akiamini kazi imefanyika. Au chukua hospitali ndogo iliyopasua Ijumaa jioni: kopo linakabidhiwa ndugu, ndugu analiweka kwenye kikapu, maabara ni Jumatatu. Nani anaandika kwenye karatasi saa ambayo kinyama kilitoka na saa ambayo kilizamishwa? Hatimaye kinagandishwa kwenye nta, kinakatwa tabaka jembamba kuliko unywele, kinapakwa kingamwili zinazokitafuta kipokezi, na pale kipokezi kilipo kiini cha seli kinageuka rangi ya kahawia. Tangu mwaka 2010 kanuni inasema hata seli 1 tu kati ya 100 ikigeuka kahawia, jibu ni chanya. Kipokezi kilichooza hakigeuki rangi. Daktari wa patholojia, ambaye kazi yake ameifanya kwa uaminifu wote, anaandika hasi.

Kwamba hili si nadharia tupu, majirani wa Kenya ni mashahidi. Mwaka 2008 madaktari wa Hospitali ya Kijabe walichapisha kwamba ni kiasi cha robo tu ya wagonjwa wao waliopimwa waliokuwa na kipokezi chochote cha homoni, na wakauliza iwapo saratani ya titi ya Afrika Mashariki ni ugonjwa tofauti kibaiolojia. Wakati huo wengi walikuwa tayari kuamini hivyo. Mwaka 2014 timu ya Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, ikapima wagonjwa 301 kwa kufuata kanuni za formalini bila mchezo. ER chanya: asilimia 72.8. Waliokuwa na hasi tatu: asilimia 20.2. Mwaka huohuo uchambuzi wa tafiti za Afrika nzima ulionyesha kwamba zile zilizotumia vinyama vya zamani vilivyohifadhiwa stoo zilikuwa na ER chanya pungufu kwa asilimia kama 10 kuliko zilizokusanya vinyama vipya kwa mpango. Sehemu ya ule ugonjwa tofauti, basi, ilitengenezwa ndani ya ndoo.

Hapa ndipo hoja ya barua hii ilipo, na inakwenda kinyume na mazoea. Kupima upya vipokezi kumezoeleka kuonekana ni anasa ya nchi zenye pesa, jambo la kufikiriwa baada ya mambo makubwa kwisha. Ukweli ni kwamba kipimo cha pili kina faida kubwa zaidi pale ambapo kipimo cha kwanza kina mashaka zaidi. Huko Ulaya kipimo cha pili kinatafuta saratani iliyobadilika. Ilala kinatafuta hiyo, na pia kinamtafuta mwanamke ambaye saratani yake haikubadilika kamwe, aliyekuwa chanya tangu mwanzo na akaandikwa hasi kwa sababu ya Ijumaa jioni moja.

Tena kinyama cha ubongoni kina bahati ambayo titi halina. Ni kidogo. Kikitoka kwenye chumba cha upasuaji kinaingia kwenye kopo dogo, formalini inakimaliza mapema, na maabara haiko mbali. Daktari wa upasuaji akiepuka kupeleka sehemu iliyoungua kwa kifaa cha umeme au iliyokufa katikati ya uvimbe, kinyama hicho kinaweza kuwa sampuli bora kuliko zote ambazo mgonjwa huyo amewahi kutoa. Kukiacha kiishie kwenye neno "chanzo titi" ni kukitupa.

Yapo mambo ya haki yatakayosemwa kupinga. La kwanza ni kwamba mgonjwa wa saratani ya ubongoni atapata mionzi na deksamethasoni ya kupunguza kuvimba kwa ubongo bila kujali vipokezi, kwa hiyo kipimo hakibadili kitu. Kwa wiki za mwanzo ni kweli kabisa. Baada ya hapo si kweli. Mionzi hutibu kichwa. Ugonjwa ulioko mwilini, na ule utakaojaribu kurudi kichwani, unasubiri dawa inayozunguka mwili mzima. Mama wa Mtaa wa Congo akigundulika ER chanya, anaongezewa silaha ambayo bei yake inalipika hata na duka la vitenge. Na hofu kwamba kidonge hakifiki ubongoni haina uzito kwa tamoksifeni: mwaka 1991 watafiti wa Norway waliopima vinyama vya ubongo vya wagonjwa wachache waliokuwa wakiimeza waliikuta imejikusanya humo hadi mara 46 ya kiwango cha kwenye damu. Haichukui nafasi ya kisu wala mionzi, na kwa saratani inayokwenda mbio dripu inaweza kutangulia. Lakini kumnyima mtu kwa sababu ya karatasi ya zamani ni jambo lingine.

Upande wa pili una uzito wake pia. Aliyekuwa ER chanya akageuka hasi anaendelea kumeza kidonge kisichomsaidia, chenye hatari yake ya damu kuganda kwenye mishipa, na miezi inapita huku yeye na daktari wakiamini anatibiwa. Mgonjwa wa namna hii hupoteza muda, na saratani ya ubongoni haina muda wa kugawa.

HER2 ndipo penye maumivu. Jaribio la kimataifa la dawa ya tukatinibu, ambalo matokeo yake yalitangazwa Desemba 2019, lilikuwa na wagonjwa 612 na karibu nusu yao walikuwa na saratani ubongoni. Miongoni mwa hao wa ubongoni, baada ya mwaka mmoja karibu robo ya waliopewa dawa hiyo pamoja na trastuzumabu na vidonge vya kemotherapi ugonjwa wao ulikuwa haujasonga mbele. Katika kundi lililokosa tukatinibu hakubaki hata mmoja wa namna hiyo. Marekani iliidhinisha Aprili 2020. Hapa ndipo pingamizi la pili: itasemwa kwamba hakuna maana kumwambia muuza kanga kuwa amegeuka HER2 chanya wakati dawa hiyo haiko karibu naye. Hoja hiyo inauma lakini ni dhaifu. Trastuzumabu nafuu ipo duniani, na Bohari ya Dawa haiwezi kuagiza kwa ajili ya wagonjwa ambao hakuna aliyewahesabu.

La tatu ni la usalama, na hapa barua hii iko upande wa waoga. Hakuna anayeomba fuvu la mtu litobolewe kwa ajili ya kutafuta ER tu. Mwenye madoa mengi ubongoni, au aliyedhoofika, hapasuliwi ili faili lipendeze. Ombi linahusu vinyama ambavyo tayari vinatoka kwa sababu za tiba. Kwa wengine, kama kuna tezi shingoni, kidonda kwenye kovu la titi au maji ya mapafu yanayovutwa ili mgonjwa apumue, sampuli ipo hapo. Haiwezi kuapa kwa niaba ya ubongo, lakini ni mpya kuliko karatasi ya miaka mitatu iliyopita. Tangu mwaka 2015 mwongozo wa chama cha madaktari wa saratani cha Marekani unasema wazi kwamba saratani ikisambaa mahali panapofikika, mgonjwa apewe nafasi ya kuchukuliwa kinyama na vipokezi vipimwe tena.

Kuna faida nyingine ambayo watu husahau: si kila uvimbe kwenye ubongo wa mwanamke mwenye saratani ya titi ni saratani ya titi. Katika utafiti maarufu wa Marekani uliochapishwa mwaka 1990, wagonjwa 54 waliokuwa na saratani inayojulikana na doa moja ubongoni walichunguzwa. 6 kati yao, vinyama vilipotoka, doa halikuwa saratani iliyosambaa kabisa. Dar es Salaam kuna kifua kikuu kinachoweza kufanya donge ubongoni, kuna maambukizi yanayowapata wenye VVU, na kuna meninjioma, uvimbe wa utando wa ubongo ambao mara nyingi si saratani na ambao huwapata wanawake zaidi. Meninjioma ina utundu wake: mara nyingi huwa PR chanya. Anayesoma mstari mmoja wa PR bila kuangalia umbo la seli anaweza kudanganyika akadhani titi limejibu. Ndiyo maana mistari yote mitatu isomwe pamoja, na jicho la patholojia litangulie rangi.

Sasa ombi lenyewe, Waheshimiwa.

Wizara ilitoa mwongozo wa taifa wa matibabu ya saratani mwaka 2020. Toleo lijalo libebe sentensi moja isiyo na "ikiwezekana": kinyama chochote cha ubongo kutoka kwa mtu mwenye historia ya saratani ya titi kipimwe ER, PR na HER2. Na pale bloku ya nta ya titi inapopatikana, vinyama viwili vipakwe rangi siku moja, kwenye meza moja, na msomaji mmoja. Hiyo husaidia kujua kama saratani imebadilika au karatasi ya kwanza ilikosea, na gharama yake ya ziada ni slaidi chache. Lakini bloku lazima iwepo. Hospitali na maabara binafsi za mjini, kuanzia Kariakoo hadi Upanga, zibanwe kuzihifadhi na kuzitoa zikiombwa, bila mgonjwa kuzungushwa.

MOI, na kila chumba cha upasuaji kinachotuma kinyama Muhimbili, waongeze mistari miwili kwenye fomu ya maabara: saa kinyama kilipotoka, saa kilipoingia kwenye formalini. Kalamu ya muuguzi inatosha. Fomu isiyo na saa hizo isikataliwe, kwa sababu kinyama cha ubongo hakirudiwi, ila ripoti yake iseme wazi kwamba jibu la hasi lisomwe kwa tahadhari. Daktari wa Ocean Road anayesoma "hasi, muda wa formalini haujulikani" atafikiri tofauti na anayesoma "hasi" tupu.

Ocean Road, majibu mapya yakae kwenye faili kando ya ya zamani, yenye tarehe, na ya zamani yasifutwe. Mgonjwa naye aelezwe. Wanawake hawa wanahesabu faida ya jora zima kichwani. Hawashindwi kuelewa kwamba saratani iliyohama inaweza kuwa na tabia nyingine.

NHIF, hapa mpo peke yenu. Kipimo cha pili cha vipokezi kisihesabiwe kuwa ni kurudia kipimo kilichokwishalipwa. Ni kinyama kingine, cha mahali pengine, cha mwaka mwingine. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na jambo hili liandikwe kwenye vitita vyake vya mafao. Asiye na bima asiachwe kati ya dirisha la malipo na ofisi ya ustawi wa jamii akiomba msamaha wa kipimo huku kinyama chake kinakauka.

Ukubwa wa kazi si wa kutisha. Wanawake wanaofika hatua ya kupasuliwa ubongo kwa saratani ya titi ni wachache kila mwezi ukilinganisha na foleni ya kliniki. Watakaokuja baadaye ndio wengi. Tathmini ya afya ya matiti iliyofanywa nchini na kuchapishwa mwaka 2017 ilisema kiasi cha asilimia 80 ya wagonjwa hugundulika ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne, na ikakadiria wagonjwa wapya kuongezeka kwa asilimia 82 ifikapo 2030. Wanaogundulika wamechelewa ndio ambao saratani yao ina nafasi kubwa ya kusambaa. Na kadiri tiba ya mwili inavyoboreka na watu wanavyoishi zaidi, ubongo unapata muda wa kufikiwa. Chuo Kikuu cha Muhimbili kiko palepale. Kikabidhiwe jedwali la mwaka wa kwanza, lisilo na majina: wangapi walipimwa mara mbili, wangapi walibadilika, upande upi, na saa za formalini zilikuwa ngapi. Jedwali hilo litaiambia Bohari ya Dawa iagize nini na kiasi gani.

Mwisho, njia ya majibu. Ripoti kutoka Upanga hadi ufukweni isisafiri mkononi mwa ndugu. Ndugu huchelewa kwa sababu ya nauli, msiba au zamu ya kazi, na wakati mwingine hukaa na bahasha nyumbani kwa kuogopa kilichomo. Maabara ipeleke ripoti moja kwa moja kwenye mfumo wa Ocean Road, na daktari aliyepasua apige simu kwa daktari wa saratani siku majibu yanapotoka, kabla dripu ya kwanza haijaning'inizwa.

Nakala: Bohari ya Dawa, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, waganga wafawidhi wa Amana na Mnazi Mmoja, ambako mama wa Kariakoo mwenye kichwa kinachouma asubuhi atapimwa presha kwanza, na ambao wanaombwa wamuulize kama amewahi kuumwa titi.